Malori ya mfano: Ufundi unaoanzia kwenye ndala iliyochakaa

MSIMU wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, barabara za Mkoa wa Simiyu hujaa malori. Yapo yanayosomba pamba mbegu kutoka vituo vya vyama vya ushirika vya msingi kwenda kwenye viwanda vya kuchambulia, na yapo yanayobeba marobota ya pamba nyuzi kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Mtoto anayekulia Bariadi, Maswa au Lamadi huyajua malori hayo kwa sura, kwa mngurumo na kwa idadi ya magurudumu, pengine kabla hajajua kusoma. Si ajabu basi kwamba miongoni mwa vitu vya kwanza anavyoviunda kwa mikono yake mwenyewe ni lori.

Kwa wazazi wengi, lori hilo la boksi au la mbao ni mchezo tu, na mara nyingine huonekana ni upotevu wa muda uliopaswa kutumika katika masomo. Hata hivyo, kazi ya kuunda malori ya mfano ni sanaa inayoheshimika duniani. Ina vipimo vyake, zana zake, viwanda vyake na mashabiki wa rika zote, wakiwamo wahandisi na madereva wastaafu. Makala haya yanaeleza ufundi huo ni nini, umetoka wapi, unafanywaje kwa vifaa vinavyopatikana katika mji kama Bariadi, na kwa nini unastahili kuangaliwa kwa jicho la uzito zaidi.

Lori la mfano ni nini?

Lori la mfano ni nakala ndogo ya lori halisi, iliyopunguzwa kwa uwiano mmoja katika sehemu zake zote. Uwiano huo huitwa kipimo, au skeli kama inavyotajwa katika somo la ramani. Lori la kipimo cha 1:24 ni lile ambalo kila sentimita moja yake inawakilisha sentimita 24 za lori halisi. Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya kigari cha kuchezea na lori la mfano. Kigari kinaweza kuwa na kichwa kikubwa na magurudumu madogo, na mtoto akafurahi nacho. Lori la mfano halina uhuru huo, kwa kuwa kila kiungo chake kinapaswa kukubaliana na vingine.

Vipimo vinavyotumika zaidi duniani ni vichache. Kipimo cha 1:87 ni cha malori madogo mno yanayowekwa pamoja na treni za mfano. Kile cha 1:50 hutumiwa na watengenezaji wengi wa nakala za chuma za mitambo ya ujenzi. Vipimo vya 1:24 na 1:25 ni vya malori ya plastiki yanayouzwa vipande vipande ili mnunuzi ayaunganishe mwenyewe. Kipimo cha 1:14 ni maarufu kwa malori yanayoendeshwa kwa mota na kuongozwa kwa mawimbi ya redio.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulisahau. Urefu ukipunguzwa mara 10, uzito haupungui mara 10 bali mara 1,000, kwa kuwa urefu, upana na kimo vyote vimepungua. Lori lenye uzito wa tani 50 pamoja na shehena, likifanywa kwa kipimo cha 1:10, lingepaswa kuwa na kilo 50. Kwa kipimo cha 1:14 lingekuwa na kilo 18 hivi, na kwa kipimo cha 1:24 kilo tatu na nusu tu. Ndiyo maana mafundi wenye uzoefu huweka vipande vya chuma ndani ya lori la mfano ili litulie barabarani na springi zake zilale kama za lori lililobeba mzigo.

Historia fupi

Katika nchi za viwanda, nakala ndogo za magari zilianza kuuzwa kwa wingi katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Nchini Uingereza, kampuni ya Meccano ya mjini Liverpool, iliyoasisiwa na Frank Hornby, ilianza kutengeneza magari madogo ya chuma yaliyojulikana kama Dinky Toys katika miaka ya 1930. Mwaka 1953 kampuni nyingine ya nchi hiyo, Lesney, ilianzisha vigari vya Matchbox, vilivyoitwa hivyo kwa sababu viliuzwa ndani ya vikasha vilivyofanana na kiberiti. Nchini Marekani, malori ya bati ya Tonka kutoka jimbo la Minnesota yalipata umaarufu baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Baadaye yalikuja malori ya plastiki ya kuunganisha. Kampuni ya AMT ya Marekani iliuza malori ya kipimo cha 1:25, na Italeri ya Italia ikajikita katika malori ya Ulaya ya kipimo cha 1:24, yakiwamo ya Scania na Volvo. Tangu miaka ya 1990 kampuni ya Tamiya ya Japani imekuwa ikiuza malori ya 1:14 yenye mota, giabox na springi zinazofanya kazi.

Afrika haikusubiri viwanda hivyo. Katika jamii nyingi za wafugaji, watoto wachungaji wamekuwa wakifinyanga ng'ombe wa udongo kwa vizazi vingi. Magari yalipoanza kupita vijijini, mikono ile ile iligeukia magari. Nchini Malawi, kigari cha waya huitwa galimoto, jina ambalo lilifahamika hadi ng'ambo baada ya mwandishi Karen Lynn Williams kulitumia kuwa jina la kitabu chake cha watoto mwaka 1990. Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini nazo zinajulikana kwa magari ya waya. Mashariki mwa Kongo, fikra ya kuunda chombo cha usafiri kwa mbao imevuka mpaka wa mchezo kabisa. Chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedeli inayotumika mjini Goma na vitongoji vyake, hubeba magunia ya mkaa na viazi, na mjini humo imejengewa sanamu.

Nchini Tanzania malighafi ya mtoto hutegemea mahali alipo. Mmoja hutumia mabua ya mtama, mwingine waya, mwingine boksi la biskuti, dumu la mafuta ya kupikia au kipande cha mbao laini. Magurudumu hukatwa kwenye ndala zilizochakaa au hutokana na visoda. Fimbo ndefu yenye usukani wa waya humwezesha mwenye lori kulisukuma na kulipindisha akiwa amesimama wima.

Gurudumu ndilo linaloamua

Fundi aliye Bariadi hanunui lori la kuunganisha kutoka Japani. Anaanza na kile alichonacho, na sehemu ngumu zaidi kuipata ni magurudumu yanayolingana. Kwa hiyo kanuni ya kwanza kwake ni kuacha gurudumu liamue kipimo cha lori zima.

Hesabu yake si ngumu. Malori mengi makubwa yanayokwenda safari ndefu hutumia tairi iliyoandikwa ubavuni 315/80R22.5. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili inaeleza kuwa kimo cha ubavu wa mpira ni asilimia 80 ya upana huo, yaani milimita 252. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi, ambacho ni sawa na milimita 571.5. Ukijumlisha ubavu wa juu, ubavu wa chini na rimu, unapata kipenyo cha karibu sentimita 108.

Sasa tuseme fundi amekata ndala na kupata magurudumu yenye kipenyo cha sentimita 7.2. Akigawanya 108 kwa 7.2 anapata 15, maana yake lori lake litakuwa la kipimo cha 1:15. Kuanzia hapo kila kitu kinafuata. Lori lenye upana wa mita 2.5 litakuwa na sentimita 16.7. Kontena la futi 20, ambalo lina urefu wa mita 6.06, upana wa mita 2.44 na kimo cha mita 2.59, litakuwa na urefu wa sentimita 40.4, upana wa sentimita 16.3 na kimo cha sentimita 17.3.

Anayetumia visoda, ambavyo kipenyo chake ni sentimita 3.2 hivi, atajikuta katika kipimo cha 1:34. Kontena lile lile litakuwa na urefu wa sentimita 17.8 tu. Kosa linaloharibu malori mengi ya mikono ni kuweka visoda kwenye bodi iliyostahili ndala, au kinyume chake. Mtazamaji anaweza asijue kilichokosewa, lakini jicho lake litakataa.

Hatua za ujenzi

Hatua ya kwanza ni kuchagua lori moja halisi na kulisoma. Scania yenye kichwa kirefu si sawa na ile yenye kichwa bapa, na Fuso ya ekseli mbili si sawa na tipa ya Howo. Fundi apige picha za mbele, nyuma na ubavuni akiwa amesimama mbali kidogo, ili picha isipotoshe maumbo. Picha ya ubavuni ndiyo muhimu zaidi. Ikichorewa miraba, inaweza kuhamishiwa kwenye karatasi kubwa kwa ukubwa wa lori linalokusudiwa.

Hatua ya pili ni chesisi. Hii hujengwa kwa papi mbili za mbao zinazokwenda sambamba na kuunganishwa kwa vipande vya katikati, mfano wa ngazi. Papi hizo zisipolingana, lori litavuta upande mmoja hadi mwisho wa maisha yake. Mafundi wa malori halisi hupima pembe kwa pembe, kutoka mbele kushoto hadi nyuma kulia na kisha kinyume chake. Vipimo hivyo viwili vikiwa sawa, chesisi imenyooka. Fundi wa lori la mfano naye afanye vivyo hivyo, kwa uzi tu.

Hatua ya tatu ni ekseli na springi. Spoku za baiskeli zinafaa kwa malori madogo, na nondo nyembamba au misumari mirefu kwa makubwa. Springi za majani huweza kukatwa kutoka kwenye mikanda ya chuma inayotumika kufungia mizigo. Vipande vitatu au vinne vya urefu unaopungua hupangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa katikati, kama ilivyo kwenye lori lenyewe. Kwenye ekseli mbili za nyuma, springi iwekwe juu ya mhimili mmoja unaoruhusu ekseli moja kupanda huku nyingine ikishuka, ili magurudumu yote yakanyage chini hata penye shimo.

Usukani nao una siri yake. Lori linapopinda, gurudumu la ndani hupita katika duara dogo kuliko la nje, kwa hiyo linapaswa kugeuka zaidi. Njia rahisi ni kuzielekeza kidogo ndani, kuelekea katikati ya ekseli ya nyuma, zile shikio mbili zinazounganishwa na fito ya usukani. Shikio zikiwa zimenyooka tu, magurudumu ya mbele yataburuzika kila lori linapopinda.

Hatua ya nne ni kichwa na bodi. Boksi gumu hufaa likiunganishwa tabaka mbili au tatu kwa gundi ya mbao, mistari ya tabaka moja ikikatiza ile ya tabaka la pili. Likikauka huwa gumu kama ubao mwembamba. Bati la kopo lililonyooshwa hufaa kwa bampa, tangi la mafuta na mabawabu ya bodi. Vioo hupatikana kutoka kwenye chupa za plastiki angavu zilizokatwa upande ulio bapa.

Hatua ya mwisho ni rangi. Tabaka mbili nyepesi ni bora kuliko moja nzito, kwa kuwa rangi nzito hujaza pembe na kuzifanya ziwe butu. Sehemu ipigwe msasa laini kabla ya tabaka la pili.

Taa na mota

Wengi huvutiwa kuweka taa. Taa ndogo za LED kutoka kwenye tochi zilizoharibika hutosha, lakini haziunganishwi moja kwa moja na betri yenye nguvu kuliko zinavyohitaji. Kwa mfano, LED nyekundu huhitaji volti 2 hivi na mkondo wa miliampea 20. Ikiwa betri zina volti 6, volti 4 zinazobaki lazima zipunguzwe kwa kizuizi. Ukigawanya 4 kwa 0.02 unapata omu 200, hivyo kizuizi cha omu 220 kinachopatikana kwa mafundi redio kinafaa.

Mota za kutoka kwenye redio za kaseti au vinasa sauti vya zamani huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, ilhali lori la mfano linahitaji mwendo mdogo. Lori halisi likienda kilometa 80 kwa saa, lile la kipimo cha 1:15 linapaswa kwenda kilometa 5.3 kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea. Gurudumu la sentimita 7.2 hufikia mwendo huo kwa mizunguko 390 hivi kwa dakika. Mota ya mizunguko 6,000 kwa hiyo inahitaji giabox inayopunguza mwendo mara 15. Anayeifunga mota moja kwa moja kwenye ekseli hupata lori linaloruka badala ya kutembea, au mota isiyoweza kulisogeza kabisa.

Kulifanya lori liwe la Simiyu

Kuunda lori ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo mashabiki wengi huipenda zaidi, ni kulibadili ili lifanane na malori ya mahali fulani. Hata Mtanzania anayenunua lori la plastiki kutoka Ulaya hukutana na kazi hiyo mara moja, kwa sababu malori mengi ya kuunganisha yana usukani upande wa kushoto, ilhali Tanzania magari huendeshwa upande wa kushoto wa barabara na usukani huwa kulia. Dashibodi, pedeli na vipangusa kioo havina budi kuhamishwa.

Yapo mengine. Lori la mikoa ya Kanda ya Ziwa huwa na ngao ya chuma mbele, madumu ya maji, tairi za akiba, sanduku la vyombo vya utingo, turubai lililokunjwa na kamba zake. Maneno yaliyoandikwa kwa rangi juu ya kioo au nyuma ya bodi humtambulisha mwenye lori kuliko kibati cha namba. Vumbi nalo lina rangi yake. Badala ya kubuni rangi ya dukani, fundi anaweza kuchukua udongo wa mbuga wa huko huko, akauchekecha kwa kitambaa chepesi na kuupaka kwa brashi kwenye chesisi na nyuma ya magurudumu, maana huko ndiko vumbi linakotua.

Shehena nayo isisahaulike. Pamba kidogo iliyojazwa katika bodi yenye wavu hutosha kuonyesha lori la pamba mbegu. Kwa marobota, vipande vya mbao vilivyofungwa kwa kitambaa cheupe na waya mwembamba vinafaa. Robota moja la pamba huwa na takribani kilo 180, kwa hiyo lori lenye uwezo wa tani 27 hubeba marobota 150 hivi. Fundi anayejua hesabu hiyo hataweka marobota 20 makubwa kupita kiasi na kudhani amemaliza.

Idadi ya ekseli pia ina sababu. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari lenye ekseli saba. Lori la mfano lenye tela refu na ekseli nne tu ni lori ambalo lisingevuka mizani ya kwanza likiwa limejaa.

Tahadhari

Ufundi huu una hatari zake, na nyingi zinaepukika. Ya kwanza ni barabara yenyewe. Lami inayounganisha Lamadi, Bariadi, Maswa na Mwigumbi imerahisisha usafiri, lakini uso wake laini huwavutia watoto wanaosukuma malori yao, na malori halisi yanapita hapo hapo. Mtoto anayetazama magurudumu ya lori lake hatazami nyuma. Uwanja wa shule au wa nyumbani ndio mahali pake.

Hatari ya pili ni betri. Betri za simu zilizovimba au kutobolewa huweza kuwaka moto, hivyo zisichokonolewe wala kuunganishwa moja kwa moja na waya. Betri za kawaida za tochi ni salama zaidi kwa anayeanza. Ya tatu ni moshi. Mabomba ya plastiki ya PVC hulainishwa kwa joto ili yanyooshwe kuwa bapa, lakini yakiungua hutoa hewa kali inayodhuru mapafu. Kazi hiyo ifanywe nje, kwa joto la wastani, na mtu mzima awepo.

Ya nne haionekani kwa macho. Baadhi ya rangi za mafuta zina madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Rangi ya zamani isiyojulikana ilikotoka isitumike kwenye kitu kitakachoshikwa na watoto, na ile ya milangoni isikwanguliwe ili kutumiwa tena.

Kwa nini jambo hili ni zito

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 makao yake makuu yakiwa Bariadi, umewahi kuonyesha kuwa kitu kidogo kinaweza kuwa bidhaa. Chaki zilizotengenezwa na vijana wa Maswa na maziwa ya Meatu yalitajwa nchi nzima. Uwanja wa Nyakabindi ulikuwa mwenyeji wa maonyesho ya Nane Nane kitaifa mwaka 2018, 2019 na 2020. Katika uwanja kama huo, meza moja ya malori ya mfano yaliyoundwa na wanafunzi ingekuwa na mengi ya kueleza.

Soko nalo halipo mbali sana. Karibu na Lamadi lipo lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, linalopokea watalii wanaopita upande wa Ziwa Victoria. Lori la pamba lililotengenezwa kwa ustadi, lenye jina la Bariadi ubavuni, ni kumbukumbu isiyopatikana Arusha wala Zanzibar. Vijana waliojiunga katika kikundi wanaweza pia kuomba mikopo ya halmashauri, ambayo hutokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vijana. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, lina wajibu wa kuwaelekeza watu wa aina hiyo. Hata hivyo, mpaka uwe wazi. Lori la mtoto ni mchezo na somo lake, na lisigeuzwe kuwa kazi ya kumwingizia mzazi kipato.

Lakini faida kubwa si fedha za kuuza malori madogo. Mtoto aliyegawanya 108 kwa 7.2 ili apate kipimo cha lori lake amefanya hesabu ya uwiano kwa hiari. Aliyepima chesisi pembe kwa pembe ametumia jiometri. Aliyetafuta kizuizi cha omu 220 amejifunza umeme. Hayo ndiyo mambo ambayo mkondo wa amali, ulioanza katika shule za sekondari Januari 2024, unakusudia kuyafundisha, na ambayo vyuo vya VETA hufundisha kwa vijana wanaotaka kuwa mafundi magari, waunda bodi na wachomeleaji. Nchi hii iliwahi kuwa na kiwanda cha TAMCO huko Kibaha kilichounganisha malori ya Scania. Taifa linalotaka kuunda magari yake halina budi kuwatambua mapema wale ambao tayari wanayaunda kwa boksi na ndala.

Kinachopotea pale ambapo lori la mtoto linatupwa jalalani kwa hasira si boksi tu. Ni miezi ya kupima, kukosea na kurudia, na mara nyingi ni hamu yenyewe ya kujaribu tena. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mwalimu wa hisabati anaweza kuomba lori moja lipimwe darasani. Fundi wa gereji anaweza kumruhusu kijana achukue vipimo vya chesisi iliyoegeshwa. Mzazi naye anaweza kutenga pembe moja ya uwanja, msasa, gundi na saa mbili za siku ya Jumamosi. Kwa gharama hiyo ndogo, mji wa Bariadi unaweza kuvuna mafundi pamoja na pamba yake.